Bingwa na Mwalimu

Kuna swali linalozuka kila mahali panapofundishwa kazi ya mikono, sanaa au mchezo: je, anayefundisha jambo ni lazima awe amewapita wengine wote katika kulitenda? Swali hili huulizwa juu ya ushairi, juu ya useremala, juu ya mbio na juu ya kandanda. Walakini ni mahali pachache linapoulizwa kwa ukali kama katika mchezo wa puli, kwa kuwa mchezo huo hauna maficho. Meza imetandikwa kitambaa, mashimo ni sita, fimbo imo mkononi, na mpira ama umeingia shimoni ama haukuingia. Mwalimu akikosa pigo mbele ya mwanafunzi wake hawezi kusingizia mvua, wala mwamuzi, wala mwenzake aliyechelewa kumpa pasi. Kosa ni lake peke yake, na mwanafunzi ameliona.

Katika miji ya Afrika Mashariki watu wengi hujifunza puli pasipo mwalimu. Kijana husimama kando ya meza, hutazama, hungoja zamu yake, na akishindwa hulipia mchezo. Malipo hayo ndiyo ada yake ya shule. Katika Marekani na Uingereza, ambako mchezo huu na ndugu yake uitwao snuka vina historia ndefu, kufundisha kumekuwa kazi kamili. Wako watu wanaolipwa kwa saa, wanaotahiniwa na kupewa vyeti vya kufundisha. Hapo ndipo swali linapokuwa zito. Mtu mwenye fedha kidogo hutakiwa kuchagua baina ya bingwa aliyezungukwa na vikombe vyake na mwalimu asiye na kikombe hata kimoja. Akichagua vibaya hapotezi fedha tu. Hupoteza na miaka, kwa maana mkono uliozoea kosa ni mgumu kurudishwa kuliko mkono usiojua kitu. Na kwa upande wa pili, mwalimu mwema anayekataliwa kwa sababu hakupata kuwa bingwa hunyimwa riziki na heshima anayoistahili.

Yafaa kwanza wapewe haki yao wale wasemao kwamba mwalimu sharti awe bingwa, maana hoja zao si za kupuuzwa. Husema kuwa mchezo ni jambo la mwili, na mwili hujifunza kwa kuiga. Basi ni bora kuiga kilicho kamili kuliko kuiga kilicho pungufu. Husema tena kuwa yako mambo yasiyojulikana ila kwa yule aliyeyapitia: jinsi mkono unavyokuwa mzito katika mchezo wa mwisho, jinsi mpira rahisi unavyogeuka kuwa mlima wakati watazamaji wamenyamaza kimya na ushindi umebaki hatua moja. Mwisho husema kuwa mwanafunzi humtii upesi zaidi yule ambaye matendo yake yamekwisha kusema kabla ya ulimi wake. Hoja zote tatu zina ukweli ndani yake. Lililo wajibu ni kupima ukweli huo unafika wapi.

Mfano wa Willie Mosconi wa Marekani unaweza kusaidia katika kupima. Huyu alikuwa bingwa wa dunia mara 15 baina ya mwaka 1941 na 1957. Katika mwaka 1954, mjini Springfield katika jimbo la Ohio, aliingiza mipira 526 mfululizo bila ya kukosa hata mmoja. Ilipotengenezwa filamu ya mwaka 1961 juu ya maisha ya wacheza puli, Mosconi aliajiriwa kuwa mshauri na kumfundisha Paul Newman, mwigizaji aliyekuwa mgeni katika mchezo huo. Kwa muda mfupi Newman alijua kusimama, kushika fimbo na kuizunguka meza kama mtu aliyezaliwa nayo. Lakini mapigo mengi magumu yanayoonekana katika filamu hiyo yalipigwa kwa mkono wa Mosconi mwenyewe. Basi bingwa alimpa mwanafunzi wake sura ya mchezo, na sura ilitosha kwa kazi ya filamu. Ustadi wa mipira 526 ulibaki mahali ulipokuwa. Hiyo si lawama juu ya Mosconi, kwani hakuajiriwa kufanya zaidi ya hapo. Ni dalili tu ya kuwa ustadi haumiminwi kutoka mtu mmoja hadi mwingine kama maji kutoka mtungi hadi kata.

Sababu ya jambo hilo si siri. Anayejifunza kutembea hufikiri juu ya kila hatua; aliyekwisha kujua kutembea husahau kuwa ana miguu. Kadhalika mchezaji mkubwa, kwa kurudia pigo moja mara elfu nyingi, huliteremsha pigo hilo kutoka kichwani hadi mkononi, na likikaa mkononi halijibu maswali. Watafiti wawili wa Marekani, Sian Beilock na Thomas Carr, walichapisha katika mwaka 2001 matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wacheza gofu. Waliona kwamba mahodari walikuwa na maneno mengi juu ya jinsi pigo linavyopaswa kupigwa kwa jumla, lakini walipoulizwa habari za pigo walilolipiga punde tu, walikumbuka machache kuliko wanagenzi. Usahaulifu huo ni faida kwa mchezaji, maana humwacha huru. Kwa mwalimu ni hasara, maana mwanafunzi huja kuuliza habari za yale yale ambayo hodari ameyasahau.

Tena bingwa, hata anapokumbuka, hukumbuka mwili wake. Joe Davis wa Uingereza alitwaa ubingwa wa dunia wa snuka mara 15, tangu mashindano ya kwanza ya mwaka 1927 hata mwaka 1946, na hakupata kushindwa katika mashindano hayo. Jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, kwa hiyo alilaza fimbo chini ya jicho lake la kushoto na kukigeuza kichwa chake kwa namna iliyolifaa jicho hilo. Kwake ilikuwa ni hekima tupu. Lakini mtu mwenye macho mawili mazima anayeuiga mkao huo huiga dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Mwalimu anayestahili jina lake hutazama macho ya mwanafunzi, urefu wa mkono wake, upana wa mabega yake na uzito wa tumbo lake, kisha humtafutia mkao ulio wake. Hapo hulazimika kuusahau mwili wake mwenyewe, na huenda mtu mwenye vikombe vichache akauona usahaulifu huo kuwa mwepesi zaidi.

Davis huyo aliandika kitabu cha kueleza jinsi alivyocheza, na kitabu chake kilifika mikononi mwa Bill Davis, Mwingereza mwingine ambaye hakuwa jamaa yake ingawa majina ya ukoo yalifanana. Bill alikuwa mchezaji wa kawaida wa vilabuni aliyeupenda mchezo. Alikishika kitabu kile, akamsimamisha mwanawe Steve mezani, akamrudisha kwenye kanuni moja moja: mguu hapa, kiwiko pale, kichwa kisiinuke mpaka mpira uwe umekwenda. Mtoto yule akawa bingwa wa dunia mara sita, baina ya mwaka 1981 na 1989, na baba aliendelea kumtazama mwendo wa fimbo hata alipokuwa mashuhuri. Katika kisa hiki bingwa na mwalimu ni watu wawili mbalimbali. Bingwa alitoa maarifa, lakini mtu aliyeyatwaa maarifa hayo, akayachambua, akayatia katika mwili wa kijana siku baada ya siku kwa subira, alikuwa baba asiyekuwa na taji. Kitabu peke yake kilisomwa na watu wengi wasiofika popote.

Kisa cha Frank Callan kina nguvu vilevile. Huyu alikuwa muuza samaki wa Fleetwood, mji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Uingereza. Alicheza snuka kwa mapenzi, wala hakuingia katika safu ya wachezaji wakubwa. Alilokuwa nalo ni jicho na udadisi: aliuchunguza mwendo wa fimbo kama fundi saa achunguzavyo magurudumu, akataka kujua kwa nini mpira unakwenda ulikokwenda. Mwaka 1988 Doug Mountjoy wa Wales alikuwa na umri wa miaka 46, na wengi walihesabu kuwa jua lake limekuchwa. Alikwenda kwa Callan, na yule muuza samaki akaujenga upya mwendo wa fimbo wa mtu aliyempita mbali kwa uchezaji. Mwaka huo huo Mountjoy alitwaa ubingwa wa Uingereza kwa michezo 16 kwa 12, na aliyeshindwa katika fainali hiyo alikuwa Stephen Hendry, kijana wa miaka 19 aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara saba. Kama Mountjoy angaliuliza kwanza vikombe vya Callan viko wapi, angalirudi nyumbani mikono mitupu.

Waswahili wana methali isemayo kwamba kinyozi hajinyoi. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kufundisha kuwa watu wanahitajiana, na hapa maana hiyo inasimama barabara. Mchezaji wa puli anapoinama, jicho lake huwa mbele, juu ya mstari wa fimbo. Hawezi kukiona kiwiko chake kinavyoyumba nyuma, wala bega lake linavyoshuka, wala kichwa chake kinavyoinuka nukta moja kabla ya wakati. Hayo huonekana na mtu aliyesimama kando. Mwili nao ni mwongo hodari, kwa sababu jambo lililozoeleka huhisiwa kuwa sawa hata likiwa kombo. Kwa hiyo bingwa mwenyewe, pamoja na ubingwa wake wote, huhitaji jicho la mtu mwingine. Na ikiwa bingwa huhitaji mwalimu, ni dhahiri kwamba mwalimu huyo hawezi kila mara kuwa mkubwa kuliko bingwa. La sivyo aliye juu ya wote asingekuwa na wa kumtazama.

Iko pia sehemu ya mchezo isiyotegemea mkono hata kidogo. Mpira mweupe ukiugonga mpira mwingine ubavuni hali unateleza bila ya kubingirika, huondoka kwa pembe ya nyuzi 90 na njia ya ule uliogongwa. Ukiwa unabingirika sawasawa, na pigo halikuwa jembamba mno wala nene mno, huiacha njia yake ya kwanza kwa kiasi cha nyuzi 30. Kanuni hizi hazijali ni nani aliyeshika fimbo. Mwaka 1835 Gaspard-Gustave Coriolis, mwanahisabati wa Ufaransa, alichapisha kitabu kizima cha hesabu za mwendo wa mipira ya biliadi, na leo jina lake linakumbukwa kwa hesabu wala si kwa vikombe. Katika Marekani Robert Byrne, aliyesomea uhandisi kisha akawa mwandishi, alitoa mwaka 1978 kitabu cha kufundisha puli na biliadi ambacho kimewatoa gizani wasomaji wengi. Byrne hakuwa bingwa wa dunia. Alikuwa na kipawa cha kulieleza pigo kwa maneno machache na mchoro mmoja, hata msomaji akainuka kitini kwenda kujaribu.

Jambo hili halikufungwa katika meza ya puli. Mwaka 1976 Colm O'Connell, bruda wa Kikatoliki kutoka Ireland, alifika Iten katika nyanda za juu za Kenya kufundisha jiografia katika shule ya Mtakatifu Patrick. Hakuwa mwanariadha, wala hakuja na elimu ya riadha. Alianza kwa kuwatazama wavulana wakikimbia, akauliza, akasikiliza, akaandika, akakosea na kujisahihisha. Mmoja wa waliopita shuleni hapo, Peter Rono, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Mwaka 2012, mjini London, David Rudisha aliyefundishwa naye alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, mwendo ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa ameufikia kabla yake. Mwalimu wake asingeweza kuandamana naye hata nusu ya mzunguko wa kwanza. Aliwaongoza kwa macho yake, kwa saa mkononi na kwa uvumilivu wake.

Lakini yatakuwa makosa makubwa mtu asiyejua kitu akijifunika kwa mifano hii. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wala maneno ya mtu asiyepata kuinama mezani hayamwingizii mwanafunzi mpira. Bill Davis alicheza, Callan alicheza, Byrne alicheza. Hakuna kati yao aliyeijua meza kwa kusikia. Mwalimu wa puli lazima aweze kulionyesha pigo analolifundisha, japo kwa mwendo wa polepole na kwa mpira ulio karibu. Lazima awe ameonja ugumu wake, amelikosa mara nyingi na kuitafuta sababu, kwa maana anayejua ugumu hawezi kumdhihaki anayehangaika. Kwake haitoshi kusema kuwa mkono umekosea. Ni wajibu wake kusema ni kwa nini, na kutoa zoezi la kuuponya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sharti hilo halimwachi mwalimu.

Tena ni haki kukiri kuwa daraja za wanafunzi si moja. Anayeanza huhitaji mkao, mshiko na mwendo ulionyoka, na hayo yanaweza kufundishwa vizuri na mtu wa ustadi wa wastani mwenye jicho safi. Anayekaribia kilele huhitaji kujua namna ya kukaa kitini kwa saa nzima huku mpinzani wake anapata kila kitu, kisha ainuke na kulipiga pigo la kwanza bila ya kutetemeka. Hapo neno la aliyepita njia hiyo lina uzito ambao hauwezi kuazimwa. Terry Griffiths wa Wales, bingwa wa dunia wa snuka wa mwaka 1979, alipoacha kushindana akawa mwalimu mkubwa, na Hendry na Mark Williams walikuwa miongoni mwa waliomwendea. Kwake ubingwa na ualimu vilikaa nyumba moja. Lakini walikaa humo kama wageni wawili walioalikwa kwa nyakati mbalimbali. Griffiths alipaswa kujifunza kufundisha baada ya kujua kucheza, na mabingwa wengi walioijua kazi ya kwanza hawakuigusa kamwe ya pili.

Wasomi nao wanahusika na suala hili kuliko wanavyodhani. Chuoni hupatikana mwalimu wa ushairi asiyekuwa malenga, anayeweza kumwonyesha mwanafunzi mahali mizani ilipopungua na vina vilipolazimishwa. Hupatikana pia malenga ambaye akiulizwa kwa nini ubeti wake ni mtamu hujibu kwa kutunga ubeti mwingine. Mwanafunzi anahitaji wote wawili. Atamsikiliza malenga ili ajue jambo linaweza kufika wapi, na atakaa na mwalimu ili ajue kwa njia gani. Hasara hutokea pale mmoja anapopewa kiti cha mwenziwe: malenga akilazimishwa kueleza asichoweza kukieleza, au mwalimu akidharauliwa kwa kutotunga utenzi.

Basi anayetaka kujifunza puli afanye nini? Asivipuuze vikombe vya mwalimu, lakini asivifanye kuwa kipimo cha kwanza. Na awatazame wanafunzi wake: walikuja wakiwa katika hali gani, na baada ya mwaka mmoja wamekuwaje? Je, wote wanasimama kwa namna moja kama askari, ilhali miili yao haifanani, au kila mmoja amepewa mkao wake? Na alikose pigo mbele ya mwalimu huyo, kisha asikilize. Akiambiwa ajaribu tena tu, ajue kuwa hajafundishwa. Akitajiwa kiwiko, au jicho, au kasi ya mkono, na kosa likapungua kwa pigo linalofuata, ameona hati bora kuliko ile iliyotundikwa ukutani.

Kuna na kipimo cha mwisho, ambacho hukipima moyo wa mwalimu. Siku itafika ambapo mwanafunzi aliye hodari atamshinda mezani, na siku nyingine atahitaji maarifa ambayo mwalimu wake hanayo. Mwalimu aliyejitia ubingwa asiokuwa nao ataziogopa siku hizo, na yamkini atamchelewesha kijana ili asifikiwe nazo. Aliyesema ukweli juu ya kiwango chake tangu siku ya kwanza hana cha kuficha. Atampa kijana mkono, atamtajia jina la mtu wa kumwendea, kisha atarudi kwenye meza yake, ambako mwanafunzi mwingine anamngoja ameshika fimbo kwa namna isiyofaa.